Siku Waliyosema Nimemlilia Mama

Wewe uliyeanza kunywa dozi wiki hii, unayekaa mwisho wa benchi umejifunika khanga mpaka usoni ukidhani hatukuoni, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Mshauri wetu hapa kliniki ndiye aliyesema tuandike, kila mmoja kwa mkono wake, wapya wapate cha kusoma wakisubiri. Mimi shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo herufi zangu zivumilie. Alisema pia tusitaje watu. Hapo hatukuelewana. Watu walioniumiza wana majina na wengine bado wanapita barabarani wakisalimiwa. Mimi ndiyo nijifiche?

Wa kwanza ni Faustine. Alikuwa mnunuzi wa mabondo, vile vibofu vya sangara vinavyosafirishwa nje. Mimi nilikuwa naanika dagaa Kirumba, pale Mwaloni. Tukapanga chumba Pasiansi, tukamzaa Esta. Mimba ya pili ikaharibika, nikabaki na maumivu ya kiuno hata ndoo siinui. Faustine badala ya kunipeleka hospitali akanisokotea sigara. Akasema, "Vuta mama Esta, utalala." Nililala kweli. Kumbe mle ndani alichanganya bangi na unga, ile heroini. Mimi nilivuta nikijua navuta bangi peke yake, na bangi hata bibi yangu alivuta. Asubuhi niliyoamka natetemeka, pua inachuruzika, mifupa kama inasagwa, nikamwambia naumwa malaria. Akacheka. Akasema, "Hiyo siyo malaria, hiyo ni arosto, mwili unadai unga. Karibu ukoo." Nilipokonda mpaka sifai kutazamwa akahamia Sengerema na mwanamke mwingine, mnene. Faustine, kama karatasi hii itakufikia, ujue sijafa.

Wa pili ni Masalu, kaka yangu mkubwa, tumbo moja. Alimchukua Esta akiwa bado anatembea kwa kushika ukuta, akamlelea kwake Kisesa, akamsomesha. Kwa hilo sina neno, mimi nisingeweza. Lakini alimfundisha kuniita "yule". "Yule amekuja." "Yule anaomba maji." Mtoto hakuzaliwa na neno hilo. Na mimi mwenyewe Masalu aliwahi kunifunga zizini kwa kamba ya ng'ombe, akidai unga utatoka wenyewe. Nilitapika katikati ya ndama mpaka ndama wenyewe wakasogea. Wageni wakiuliza nani anayelia huko, mke wake, Mama Happy, anajibu, "Ni dada yake shemeji yenu, ana kichaa."

Wa tatu ni mtu wa maombi aliyejiita Mtumishi Zakaria, aliyetukusanya sisi mateja, watu wa unga, akatulaza na njaa na kutupigia kelele masikioni. Huyo sina maneno naye mengi. Aliondoka usiku na viti vya watu.

Nimemaliza majina mabaya. Sasa niandike jina moja zuri. Mama yangu aliitwa Nyamizi.

Pale kliniki wakati naanza walitaka niende na ndugu, mtu wa kunisindikiza, anayejua ninapolala. Nikaenda Kisesa kumwomba Masalu. Alikuwa anapaka dawa mbuzi, hata hakusimama.

"Dawa ya kuacha dawa?" akasema. "Hiyo ni kubadilisha chupa tu, Kabula. Mimi siendi kuonekana na mateja."

Mama alikuwa anapepeta mpunga pale pembeni. Akaweka ungo chini, akajikung'uta pumba, akaingia ndani. Akatoka amevaa gauni lake la kanisani na mfuko wa rambo una nguo. Masalu akamuuliza, "Mama, unaenda wapi?"

"Si wamesema ndugu?" mama akajibu. "Mimi si ndugu?"

Ndivyo alivyohamia chumbani kwangu Kirumba, mama wa watu, mzee, kutoka nyumba ya bati yenye uwanja hadi chumba ambacho ukinyoosha miguu unagusa jiko.

Wewe mpya nitakwambia hali ya mwanzo maana najua ndiyo inayokutisha. Wanaanza na dozi ndogo, wanapandisha taratibu. Siku za mwanzo haitoshi. Utakunywa asubuhi vizuri, jioni mwili unaanza kuuliza maswali. Usikimbilie kijiweni. Mwambie sista, watakuongeza. Choo kitakataa, kunywa maji, kula mapapai, usione haya kusema, hapa wote choo kimetukataa. Jasho litakutoka hata ukikaa tu, sisi watu wa ziwani tunajijua kwa jasho lakini hili ni lingine, linalowanisha mto. Utapenda sukari kama mtoto. Meno yangu mawili yalitoka nikiwa natafuna muhogo, sikuumia, nikayashika tu mkononi nikayatazama.

Mimi nilihesabu muda kwa dagaa. Mitumbwi ya dagaa hutoka usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka inapumzika. Giza la kwanza nilikuwa nalala kwenye benchi kichwa mapajani kwa mama. Giza la pili nikaweza kula. La tatu dozi ilikuwa imefika mahali pake na nikarudi Mwaloni kuanika, wenzangu wakinusa kama nanuka unga, kana kwamba dagaa hawanuki. Giza lililofuata nikaanza tena kuona siku zangu za mwezi, baada ya miaka sijui mingapi. Niliogopa, nikadhani nimepasuka kitu. Mama akanitafutia kitambaa, akasema, "Mwili wako umerudi nyumbani," akaenda nje kupika uji akiimba.

Hapa ujue utaratibu wa dirisha. Unaitwa, unapewa kikombe, unakunywa mbele ya sista, halafu unakunywa maji, halafu lazima useme kitu. Chochote. Ni ili waone hukuficha dawa mdomoni ukaiuze. Kila mtu ana neno lake. Rajabu, fundi viatu wa Kirumba, yule mrefu mwenye kofia, husema jina la timu yake, ikifungwa jana anasema kwa sauti ndogo. Mimi mama alikuwa anasimama nyuma yangu ananiuliza, "Umemeza?" Nami namjibu, "Nimemeza, mama." Sista Pendo pale ndani anacheka. Sista akiwa na dawa yake, mama na swali lake, nilipimwa na watu wawili.

Benchi lile mama alilifanya la kwake. Kulikuwa na mlinzi anayetupanga foleni akisema, "Mateja, nyookeni!" Siku moja mama akamwita.

"Kijana, njoo. Hapa amekaa mama yako. Umesalimia?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Sasa hawa ni watoto wangu. Huyu ni Kabula, yule ni Rajabu, huyu mdogo sijui nani, mwulize mwenyewe. Uwaitage hivyo."

Tangu siku hiyo anatuita kwa majina. Ndiyo maana wewe umekuja umekuta unaitwa jina lako.

Rajabu alikuwa akimtania mama kila siku. "Mama, mimi nina wake wawili. Mmoja yuko nyumbani, wa pili ni hili dirisha. Wa nyumbani naweza kumkimbia hata wiki. Huyu wa pili siku moja tu ananitoa kamasi."

"Basi mwoe vizuri huyo wa pili," mama anajibu, "usimpige."

Alikuwa anacheka na mdomo wote, mama yangu, na hakuwa na meno ya mbele kama mimi.

Vuli ilipoanza kunyesha, watu wa Kisesa wakirudi mashambani, mama alianza kushika kifua. Hakukaa nacho sana. Alilazwa, nikawa nakunywa dozi yangu asubuhi halafu nakwenda wodini kumlisha. Siku ya mwisho aliniuliza umemeza, nikamwambia nimemeza. Hakuniuliza kitu kingine. Kesho yake nikakuta kitanda kimetandikwa.

Sasa ndipo ninapotaka unisikilize.

Msiba ulikuwa Kisesa, kwa Masalu. Kwetu mtoto wa marehemu hatoki msibani. Wanawake mnalala ndani chini kwenye mikeka, wanaume wanakaa nje na moto wao, mnakaa mpaka mazishi yapite na siku ya kunyoa ifike. Siku hiyo mtu mzima wa ukoo anawanyoa watoto wa marehemu wote pamoja, kwa wembe mmoja, kuanzia mkubwa mpaka mdogo. Ukinyolewa na wenzako, umehesabiwa. Usiponyolewa, watu wanajua bila kuambiwa. Na dirisha nalo halijui msiba. Wakongwe wanaruhusiwa kubeba dozi ya nyumbani, mimi nilikuwa bado. Ukikosa siku zikafuatana wanakushusha, unaanza tena kama ulivyoanza wewe. Ukishushwa mwili unadai, na pale Kisesa sentani, kwenye maduka, kuna mtu anayeuza unga ambaye miguu yangu inaijua njia yake hata nikifumba macho. Kwa hiyo kwa upande mmoja kulikuwa na kichwa changu kunyolewa, upande mwingine kulikuwa na uhai wangu. Masalu hakuona upande wa pili.

Tulikuwa tunasubiri ndugu wa Kahama wafike ndipo tuzike. Asubuhi ya kwanza niliondoka alfajiri, nikapanda gari hadi mjini, nikanywa, nikarudi kabla ya chai ya saa nne kwisha. Mama Happy akanipokea mlangoni na sufuria mkononi.

"Wifi, unaendaga wapi asubuhi yote hii?"

"Kliniki."

"Kliniki ya msibani." Akawageukia wanawake. "Mwoneni macho yake yalivyolala."

Nikaingia nikakaa. Kila anayeingia analia, tunapokea kilio, tunalia naye. Mimi machozi hayakuja. Sijui ni dawa ilinikausha, sijui ni mimi mwenyewe. Ndani nilikuwa kama nyumba iliyoezuliwa bati, lakini nje nilikaa mkavu. Wanawake waliniona. Yupo mama mdogo Minza, mdogo wake mama, tumbo moja, alitoka Magu. Yeye ananipenda, nimlaumu kwa lipi. Akanisogelea akaninong'oneza, "Mwanangu, hata chozi moja la dada yangu?"

"Nalia, mama mdogo."

"Sioni."

Esta alikuwa pale anagawa maji. Amekuwa msichana mkubwa, kiuno cha baba yake, paji la uso la mama yangu. Alinipa kikombe akatazama pembeni. Nikamsikia jikoni akisema, "Yule amekaa kama amekuja harusini."

Asubuhi ya pili nikaondoka tena, nikarudi tena, mkavu tena. Siku hiyo ndugu wa Kahama wakaingia, ikasemwa mazishi ni kesho.

Asubuhi ya mazishi nilipoamka viatu vyangu havikuwepo. Nikatoka pekupeku. Masalu alikuwa getini amekaa kwenye kigoda, amevaa koti la suti.

"Leo hutoki," akasema.

"Masalu, nitarudi kabla mwili haujafika. Gari la mortuary linakuja mchana."

"Mama yako anaingia nyumbani kwake mara ya mwisho, wewe uko mjini unabugia madawa. Nimesema hutoki. Ukitoka usirudi, na siku ya kunyoa usikanyage hapa."

Wazee walikuwa wanasikiliza. Nikaona haya. Nikajiambia, siku moja. Nikarudi jikoni nikapewa magunzi nichochee moto, Mama Happy amekaa mlangoni kama mlinzi wa benki. Hilo ndilo kosa ninaloliandikia barua hii yote. Usijiambie siku moja.

Mchana mwili ukaanza kuniuliza. Kwanza miayo, miayo mikubwa, taya linataka kutoka. Halafu vinyweleo vikasimama kama kuku aliyenyonyolewa, na jua lilikuwa linawaka. Gari la mortuary likaingia uani, jeneza likashushwa, na macho yangu yakafunguka kama bomba. Machozi. Pua. Natetemeka magoti. Nikisimama tumbo linakata, nikiinama mgongo unakata. Nilimwona mama yangu ndani ya jeneza kwa macho yaliyojaa maji ambayo hayakuwa yake, na niliwaza kitu kimoja tu, dirisha litafungwa saa ngapi. Ndivyo nilivyomuaga mama yangu. Masalu ndiye aliyeninyang'anya hiyo saa.

Lakini wao walionaje?

"Mshikeni! Mshikeni mtoto wa marehemu!"

"Muacheni alie jamani, alikuwa ameyabana."

"Lia, mayu, lia yatoke!"

Mama mdogo Minza alinikumbatia kwa nyuma kaburini, analia na mimi, anasema masikioni mwangu, "Ndiyo hivyo mwanangu, ndiyo hivyo, sasa dada yangu amesikia." Nikitetemeka ananibana zaidi. Wanawake waliokuwa wananisema tangu juzi wakaanza kulia upya kwa sababu yangu. Mama Happy alinifuta kamasi kwa khanga yake mwenyewe. Masalu akaja, mtu ambaye hajanigusa tangu siku ile ya kamba zizini, akaniwekea mkono begani. "Pole, dada," akasema.

Na Esta akanyoosha leso yake. Leso nyeupe, ina maua pembeni kadarizi mwenyewe. "Shika, mama."

Mama. Nakwambia nilikuwa naumwa mpaka kwenye kucha, lakini neno hilo nililisikia.

Jioni watu wanakula, mimi sili, wakasema ni uchungu. Masalu akaja mpaka mlango wa wanawake, kitu ambacho hafanyi, akasema mbele yao, "Kabula, leo nimeona wewe ni mtoto wa mama. Kesho kutwa tunanyoa. Utakaa baada yangu, nafasi yako." Wakamwitikia. Nilitamani. Nisidanganye, nilitamani kuliko nilivyowahi kutamani unga. Nilichotakiwa kufanya ni kukaa tu, niendelee kuumwa wakiniona ninalia. Siku mbili nyingine. Na huku miguu inaanza kuniambia, sentani siyo mbali, vuta kidogo tu uweze kukaa mpaka wakunyoe, halafu utarudi dirishani. Hivyo ndivyo inavyosemaga, ile kitu. Inakuja na sauti ya ndugu.

Alfajiri nikaamka nikatafuta khanga. Mama mdogo Minza alikuwa amelala ubavuni kwangu, akanishika mguu.

"Unaenda wapi tena? Si tumeshamaliza mambo hayo?"

Ningeweza kusema naenda chooni. Nikachuchumaa pale kwenye mkeka.

"Mama mdogo, nikwambie. Jana sikuwa nalia. Ilikuwa arosto. Niliikosa dozi, mwili ukatoa maji. Zile siku nilizokaa mkavu ndizo nilikuwa mzima."

Akakaa.

"Unaniambia mimi nilimshika mtu anayelilia madawa? Juu ya kaburi la dada yangu?"

"Nakwambia ili nisiende sentani. Nikikaa hapa leo, nitaenda sentani."

"Toka machoni pangu," akasema. Hakupandisha sauti, hilo ndilo lililoniuma.

Esta alikuwa ameamka. Alikuwa amekaa ukutani amekumbatia magoti, amesikia yote. Leso yake ilikuwa mkononi mwangu. Nikamnyooshea. Hakuipokea, akageukia ukuta. Nikaenda barabarani na ndala za mtu.

Sista Pendo aliponiona tu akajua. Akaniuliza msiba vipi, nikamwambia mazishi yamekwisha. Nikanywa. Nikanywa maji. Nikatakiwa kusema kitu, nikakosa. Nyuma yangu hakuna anayeuliza. Sista akasubiri. Rajabu kutoka kwenye benchi akasema, "Sema Simba," watu wakacheka, nami nikasema Simba, na mimi mpira sijui.

Niliporudi Kisesa mchana nilikuta uwanja umefagiwa na vichwa vinang'aa. Masalu alikuwa ameiwahisha siku ya kunyoa, hakungoja kesho. Amenyolewa yeye, amenyolewa mdogo wetu wa Kahama, wajukuu wamenyolewa kidogo mbele, hata Esta. Nywele zimeshachomwa, harufu bado ipo. Masalu aliniangalia kichwani, siyo machoni.

"Tulikwambia," akasema.

Mama Happy akaongeza, "Si una haraka zako, wifi. Nenda, kliniki isije ikafungwa."

Mama mdogo Minza alikuwa ndani, hakutoka. Nikachukua mfuko wa rambo wa mama, ule aliohamia nao kwangu, nikarudi Kirumba.

Kwa siku nyingi baada ya hapo nilikwenda dirishani nikiwa na nywele zangu kichwani. Watu wa kwetu wapo pale, wanajua nimefiwa, wanatazama nywele halafu wanatazama chini. Nikazifunga kitambaa. Rajabu hawezi kunyamaza, akasema, "Mama Esta, nina kisu cha kukatia soli, kikali. Nikunyoe?"

"Wewe ni ukoo wangu?"

"Mimi ni ukoo wa dirisha."

Nilicheka, lakini haikuwa inatosha. Hawezi kukunyoa mtu yeyote tu. Na benchi lile, mwisho wake kule ambako mama alikuwa anakaa, sikukaa. Hakuna aliyekaa. Hata mlinzi akiwapanga wapya aliwaruka pale.

Halafu asubuhi moja, mvua imekatika na barabara ya kuingilia imejaa matope, nilikunywa, nikanywa maji, nikasema neno langu la siku hiyo, nikageuka. Pale mwisho wa benchi alikuwa amekaa mama mdogo Minza na kiatu kimoja mkononi anakikwangua tope. Pembeni yake amesimama Esta.

"Mwangaluka," mama mdogo akasema, kama vile tumekutana njiani kisimani.

"Mwangaluka, mama mdogo. Shikamoo."

"Marahaba. Hapa ndipo alipokuwa anakaaga?"

"Hapo hapo."

Akalipapasa benchi kwa kiganja. "Kila siku?"

"Kila siku."

"Alikuwa ananiambia anakwenda mjini kufanya kazi na Kabula. Mimi nikidhani mnauza dagaa." Akakivaa kiatu. "Nimekaa Magu nikawaza. Nikasema, yule mtoto angeninyamazia tu, angenyolewa na wenzake, nani angejua. Kaa chini."

Akatoa kitambaa kwenye kifundo cha khanga yake, ndani yake wembe mpya na kipande cha sabuni. Esta alikuwa amebeba maji kwenye chupa. Nikakaa chini, mgongo kwenye magoti ya mama mdogo. Mlinzi akaja mbio, "Mama, hapa siyo saluni!"

"Kijana, umesalimia?" mama mdogo akamuuliza. Sijui walifundishwa wapi wale madada wawili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nanyoa mtoto wa marehemu dada yangu. Tukimaliza tutafagia."

Mlinzi akasogea pembeni akavua kofia.

Nikamuuliza, "Masalu anasemaje?"

"Masalu anasema mengi. Inamisha kichwa."

Masalu sijamsamehe mpaka leo, niandike hilo lisomeke. Yule aliyeninyang'anya kuuona uso wa mama yangu sitakunywa chai yake. Lakini wembe wa mama mdogo ulikuwa unakwenda polepole, na maji yalikuwa ya baridi, na nywele zangu zilikuwa zinaanguka zina mvi kuliko nilivyojua. Esta alikuwa anamimina. Hakuniita kitu chochote, si yule, si mama. Alikuwa anaziba tu maji kwa kiganja yasiniingie machoni. Nikaitoa ile leso yake, nilikuwa nimeifua, nikampa. Safari hii aliipokea. Akanifuta nayo shingoni nywele zilizonasa, akaendelea kuishika.

Hapo ndipo nilipouona uso wa mama yangu ndani ya jeneza. Wote, mpaka lile pengo, kama vile ndiyo kwanza nimesimama pale. Na machozi yakaanza.

Watu wa benchi wote wakageuka. Pale kwetu machozi asubuhi yana maana moja tu. Rajabu akasimama, kofia mkononi, uso umembadilika.

"Mama Esta," akasema, "vipi? Hukunywa leo?"

"Nimekunywa, Rajabu," nikamwambia. "Nimekunywa."